Miguu ya Mpima Viwanja

Wiki tuliyomzika Papa Radjabu, mpwa wangu Nadège aliniomba nimsindikize mjini akachague trepie, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, pamoja na rotule, kichwa cha mviringo kinachofungwa juu ya miguu hiyo ili kamera iweze kuinama, kugeuka na kulala ubavu. Nadège hupiga video za mapishi na kuzitupa mtandaoni, ambako hutazamwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kusoma vitabu vyangu. Alichohitaji kwangu si ushauri bali gari. Kijana wa duka alitupangia aina kadhaa juu ya meza ya kioo, akaniuliza kwa ile heshima wanayopewa wenye mvi: "Papa, unatafuta nguvu ao wepesi?" Ni swali ambalo ningeweza kuliandikia insha, nimeandika ndefu kuhusu mambo madogo zaidi. Lakini nilikuwa nimeshika rotule mkononi. Nililegeza kitasa chake cha kukazia, kichwa kikaanguka ghafla upande mmoja kama muumini anayesinzia kanisani, nami nikabaki nimekishika hivyo mpaka Nadège akaniuliza kama nimemeza dawa zangu za presha. Kwenye kilio cha Papa Radjabu nilikuwa nimekaa na wanaume wenzangu, nikala wali, nikalalamikia bei ya saruji kama wote, wala machozi hayakunijia. Yakanijia dukani, mbele ya kijana aliyedhani nimeshtushwa na bei.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na shahada ya falsafa na sikuwa na pa kulala. Chuo kilikuwa kimegoma, na nafasi ya msaidizi niliyoahidiwa ilikuwa imegoma pamoja nacho. Simu za mkononi wakati huo zilikuwa za kupigia simu tu, kwa hiyo mtu aliyetaka kuonekana alikwenda studio. Papa Radjabu alikuwa na yake katika mtaa wa Naviundu, kando ya barabara, na alitafuta mtu wa kukaa gizani: wa kusafisha filamu na kuchapa picha katika labo. Nilimweleza kwamba nimesoma Wagiriki. Alinitazama kuanzia viatu kupanda juu, akasema, "Haina neno, dawa yetu haiulizi masomo," akanionyesha chumba cha nyuma. Tangu siku hiyo aliniita Prof, na katika jina hilo sikuwahi kusikia heshima yoyote.

Chumba kilibanwa kati ya labo na chumba cha kulia, na kuta zake zote mbili zilikuwa za triplex, mbao nyembamba zinazoruhusu kila kitu kupita isipokuwa mwanga. Kushoto ilikuja harufu ya siki ya dawa za picha. Kulia ilikuja harufu ya sombe, majani ya mihogo yaliyoungwa kwa mawese, na wali, maana familia ile ilikuwa na asili ya Maniema, na bukari, yaani ugali, waliula kama watu wanaotimiza wajibu wa kiraia. Mbele, studioni, lilining'inia pazia lililochorwa ndege ya abiria na ngazi yake. Wateja walisimama chini ya ngazi hiyo na begi tupu, wakapigwa picha kama watu waliofika sasa hivi kutoka Ulaya, huku ndege za kweli za uwanja wa Luano zikipita juu ya paa na kutikisa vikombe vya Maman Mwajuma, mke wake. Papa Radjabu alisimama mbele yao na kofia nyeupe na shati lililopigwa pasi, amepanua miguu kidogo, kamera mkononi. Hakuegemea kitu. Wapiga picha wengine walikuwa wameanza kutembea na trepie, na kwake hao walikuwa sawa na mpishi anayehitaji kuonjewa. "Mukono yangu njo trepie," aliwaambia wateja, kwamba mkono wake ndio miguu yake mitatu, akaunyoosha ule mkono wa kuume ili wauone ulivyotulia. Mtaa mzima ulilijua neno hilo. Watoto waliliigiza.

Ulaji wake haukutoka kwa wale wa ndege. Ulitoka kwenye ndoa na kwenye vilio. Mjini kwetu, kabla jeneza halijafungwa kwenda makaburini, familia nyingi husimama kulizunguka, mjane upande wa kichwa, ndugu wa marehemu ubavuni, wajukuu mbele, na mpiga picha huipiga ile picha isiyorudiwa. Majeneza ya wenye uwezo yalikuwa na kidirisha cha kioo juu ya uso, na kioo hicho kilirudisha mwanga wa flashi na kumfuta marehemu. Kwa hiyo Papa Radjabu alipiga bila flashi, katika vyumba vya mapazia mazito, akizuia pumzi, na watu walimwita kwa sababu hiyo hasa. Yeye kama Mwislamu aliiona desturi hiyo kuwa ya ajabu, akaitumikia kwa adabu kubwa kuliko wenyewe. Juzi alitoka nyumbani kwake ndani ya sanda, kwa haraka inayotakiwa, bila picha hata moja, na nilijikuta nikizungusha macho uani nikimtafuta mtu mwenye kamera.

Mwezi wa kumi, joto likiwa limetukalia kichwani, alifariki baba yake Papa Paluku. Papa Paluku alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mwenye malori yaliyopeleka unga na sabuni mpaka Kasomeno na Kasenga, Mkristo wa kusali kabla ya kufungua bohari na baada ya kulifunga. Kila ndoa na kila ubatizo wa nyumba yake ulikuwa umepigwa na Papa Radjabu. Siku ya mazishi alirudi, akanipa filamu. Katika mwanga mwekundu wa labo nilitazama karatasi ikiamka ndani ya sinia ya dawa: kwanza pembe za jeneza, kisha suti, kisha nyuso. Kila mtu alikuwa na uso na nusu. Mjane, bibi kizee ambaye wote walimwita Kambo, neno letu la bibi, alikuwa na vinywa viwili, vyote vimefungwa. Marehemu chini ya kioo alikuwa moshi. Nilichapa nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa vile vile, kana kwamba familia nzima ilipigwa picha ndani ya lori kwenye barabara ya mashimo. Nilimwita Papa Radjabu. Aliinamia sinia, akatazama kwa muda mrefu, mikono nyuma. Ndipo nilipogundua kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akitembea hivyo, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

Papa Paluku alikuja kuzichukua mwenyewe. Mimi nilikuwa kitandani nyuma ya triplex, na kitabu.

"Papa Radjabu, hii iko nini?"

"Iko dawa," sauti ya Papa Radjabu ikajibu. "Ule mutoto ya université alichanganya dawa mubaya. Unisamehe, anajifunza."

"Alijifunzia ku baba yangu?" Papa Paluku hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Bale batoto banajua tu kufanya grève, kugoma masomo. Filamu yetu ingine asiiguse."

"Hataigusa."

Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya labo anajua kwamba dawa ikiharibika picha huwa nyeusi, au nyeupe, au hupata madoa. Haiwezi kumpa mtu uso wa pili. Lakini Papa Paluku alijua unga na sabuni. Niliendelea kutazama ukurasa uleule. Falsafa ilinifundisha mengi kuhusu ukweli, na hakuna hata moja linalomhusu mtu anayelala bure katika chumba cha anayemsingizia. Wakati wa kula, Papa Radjabu aliinamisha uso kwenye sahani, na Maman Mwajuma akaniwekea kichwa cha samaki, kisha akaniongezea kipande cha katikati, bila kunitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa fidia yangu. Ilikuwa tamu, na hilo liliniudhi zaidi ya yote.

Sahani zilipoondolewa nilirudi chumbani, na ukuta ukaanza kusema.

"Ulimutwika mutoto kintu yako," ilikuwa sauti ya Maman Mwajuma.

"Ilikuwa baridi. Mikono inaganda."

"Mu mwezi wa sita ulisema iko baridi. Sasa tuko mwezi wa kumi, hata bambuzi banatafuta kivuli. Bageni bakikuya, minakujazia kikombe nusu, basione chai inamwangika. Sasa na ndoa za bantu, minazijaza nusu vilevile?"

"Iko mukono moja tu."

"Njo ule wa kamera."

Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha sauti ya Papa Radjabu ambayo sikuwahi kuisikia studioni, ndogo, isiyo na mteja mbele yake. "Mwajuma, bakijua, minabakia nani?"

Nilikuwa na hasira naye, na hasira ile nilikuwa nimepanga kuitunza. Swali lake likaniharibia. Siku hizi ninapokuza herufi za simu yangu na kumwambia Nadège kwamba ninapenda tu muundo huo, au ninapomtaka mwanafunzi asome kwa sauti makala niliyoiandika mwenyewe kwa kisingizio cha kumfunza matamshi, huwa ninalisikia upya. Wakati ule nilikuwa na macho mazuri na viungo vinavyotii. Niliona tu kwamba mtu mzima alikuwa anaogopa, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa ukuta wake.

Nikaanza kutafuta njia ya kumsaidia bila kuutaja mkono, na kazi hiyo ilinigharimu fikra nyingi kuliko tasnifu yangu. Hatimaye, asubuhi moja kwenye chai, nilitoa hoja: filamu zinazouzwa siku hizi ni za polepole, zinataka mwanga mwingi, mapazia ya watu yanazidi kuwa mazito, na kwenye vilio bila flashi hata mtu wa chuma angehitaji trepie. Pamoja nayo, uzi wa kubonyezea, ule unaofungwa kwenye kamera ili kidole kisiiguse. Nilisema yote hayo nikiutazama mkate. Maman Mwajuma aliitazama birika. Papa Radjabu aliweka kikombe mezani.

"Filamu ziko polepole," akasema, kama mtu anayeonja mchuzi. "Iko kweli, Prof. Niliona vile."

Tulikwenda mjini, kwenye duka la vitu vilivyotumika vinavyokuja kwa kontena. Muuzaji, Donat, alikuwa mnene na mwenye utani, na alituletea kwanza trepie ya aluminiamu, nyepesi, yenye miguu kama ya korongo. Papa Radjabu aliisimamisha, akaigusa kwa kidole. Ikaendelea kutikisika baada ya kidole kuondoka. "Hii nayo iko mugonjwa," akasema. Ni mimi peke yangu niliyelisikia lile "nayo". Juu yake kulikuwa na kichwa chenye vipini vitatu, kila kimoja cha kukazwa kwa ncha za vidole. Alivijaribu kwa mkono wa kushoto tu; wa kulia ulikuwa mfukoni.

"Papa, ule mukono ingine unachunga dola?" Donat akauliza.

"Unachunga heshima," akajibu, na wote wakacheka, naye pia.

Pembeni, nyuma ya friji mbovu, niliona miguu mingine: ya mbao nzito, rangi ya njano, yenye visigino vya chuma vya kukanyagia na ncha za kuzama ardhini. Ilikuwa imetoka kwenye kampuni moja ya madini iliyofunga ofisi zake. Nilikuwa nimesoma katika kitabu kimoja cha Kifaransa kwamba sifa ya kwanza ya trepie ni uzito, nikawapa wote hotuba fupi kuhusu jambo hilo. "Hii iko ya bagéomètre," Donat alionya, akimaanisha wapima viwanja. "Miguu ni miguu," nilisema, kwa ujasiri wa mtu aliyesoma. Papa Radjabu aliiegemea kwa uzito wake wote. Haikusogea.

Ikabaki rotule. Donat alikuwa nazo mbili ndani ya kopo la biskuti. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama limau, yenye kitasa kimoja: ukikaza, kamera inaganda, ukilegeza, inaanguka kifudifudi. Mkono unaotetemeka haungeweza kuiwahi. Ya pili ilijaza kiganja na ilikuwa na vitasa viwili, kikubwa cha kufunga na kidogo cha kuamua uzito wa mwendo. Papa Radjabu alifunga kamera juu yake, akakaza kidogo kile kidogo, kisha akaondoa mkono wa kulia mfukoni, taratibu, na kukifunika kitasa kikubwa kwa kiganja kizima. Hakikuhitaji vidole. Aliinamisha kamera, ikainama kwa kusitasita, kama kijiko ndani ya asali, ikakaa palepale alipoiacha. Akaondoa mkono. Ikabaki. Alisimama akiitazama muda mrefu kuliko mnunuzi anavyopaswa kuitazama bidhaa mbele ya muuzaji.

"Inabaki," akasema.

"Njo kazi yake, Papa," alisema Donat.

"Minaona."

Tundu la miguu ya mbao lilikuwa pana kuliko la rotule, kwa hiyo fundi mmoja wa Naviundu alituchongea kipande cha shaba cha kuviunganisha. Kwa wiki kadhaa Papa Radjabu alifanya mazoezi studioni, mlango umefungwa, akimpiga picha Maman Mwajuma chini ya ile ngazi ya ndege. Nilizisafisha. Kila uzi wa kitambaa chake ulionekana, na uchovu wake pia. Picha zile zilimpa Papa Radjabu usingizi. Nje bado alikuwa ni yule wa mkono uliotulia.

Kilio cha kwanza kilichotuita kilikuwa karibu na mto, mvua zikiwa zimeanza. Alikuwa amefariki mwalimu wa shule ya msingi, ameacha nyumba ya matofali yasiyopigwa lipu, watoto wadogo, na mjane aliyeitwa Maman Béatrice. Nyumba ilikuwa ndogo, wakaamua picha ipigwe uani, chini ya turubai, jeneza litakapotolewa. Tulifika mapema ili tuandae. Mvua ilinyunyiza, kwa hiyo kamera ilibaki ndani ya begi. Nikapanua ile miguu ya njano katikati ya ua, nikapanda kwenye visigino vya chuma kimoja kimoja ili ncha zizame kwenye tope, kama Donat alivyonionyesha. Papa Radjabu aliinama, akafumba jicho moja, akatazama juu ya rotule tupu kuelekea mlango wa nyumba, kisha kuelekea kwenye ukuta wa jirani. Alikuwa anakadiria ni ndugu wangapi wataenea kwenye picha.

Vilio vina kelele zake, na mtu huzizoea mpaka asizisikie. Nilichosikia ni kwamba zimekoma. Wanawake waliokuwa wakilia ndani walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja. Maman Béatrice alitoka, miguu mitupu, kitenge kimelegea kiunoni, akasimama kizingitini. Hakututazama sisi. Alimtazama shemeji yake Gaston, mdogo wa marehemu, aliyekuwa ameketi na wanaume chini ya turubai.

"Hata hatujamuzika," akasema, "munaanza kupima."

Nikaona kile alichokiona yeye: watu wawili, miguu ya njano, mmoja amefumba jicho. Mjini kwetu miguu ile ikiingia uani, nyumba imekwisha kupata mwenyewe mwingine. Wanawake wa mtaa walitoka, wakaketi mmoja baada ya mwingine kwenye tope kuizunguka, mabibi na wasichana, kimya. "Bapime basi juu yetu," mmoja alisema.

Gaston alikuwa amesimama. "Bale habako bangu," alisema haraka, kama mtu anayesingiziwa. "Wangu atakuya siku ya ine."

Alijisikia mwenyewe akiwa amechelewa. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa. Maman Béatrice alishika mwimo wa mlango, na hakuna aliyemtazama tena Gaston, kwa kuwa hapakuwa na kilichobaki cha kumtafutia.

Nilijaribu kuokoa hali kwa elimu. "Bamaman, hii haiko ya kupima. Hii hapa juu inaitwa rotule, kazi yake..."

"Rotule njo nini?" aliuliza bibi mmoja.

"Njo jina ya mashine ya kupimia," mwenzake akamweleza. "Na huyu kijana njo mwenye kuandikaka namba ku ukuta."

"Lakini ule si Papa Radjabu ya photo?"

"Njo yeye. Sasa photographe gani anatembea na miguu ya géomètre? Mukono yake njo trepie, anasemaka mwenyewe kila siku. Bamemulipa."

Neno lile la mwisho lilipita uani likarudi. Papa Radjabu alikuwa ameweka mikono nyuma. Alikuwa na njia ya kutoka: kung'oa miguu, kutukana kidogo, kurudi nyumbani na siri yake ikiwa salama, na kumwacha mjane yule amzike mumewe akiamini kwamba mpaka wa nyumba yake umekwisha kuchorwa. Nilimwona akiipima njia hiyo. Kisha alipita kati ya wanawake walioketi, akifika kwa kila mmoja akisema "samahani, Maman", mpaka mbele ya Maman Béatrice, akautoa mkono wa kuume na kuunyoosha kama alivyokuwa akiunyoosha kwa wateja. Ulitetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Ulikuwa umezidi tangu siku ya duka la Donat, sikuwa nimejua.

"Angalia, Maman. Iko vile tangu mwezi wa sita. Kamera sishiki tena. Ile miguu inashika mu nafasi yangu. Sikukuya kupima kintu."

Aliutazama. Halafu akaushika kwa mikono yake yote miwili, bila huruma, kama mtu anayejaribu unga kama umelowa, na mikono yake nayo ikaanza kutikisika pamoja nao. Mtaa mzima ulikuwa unaona. Akauachia.

"Basi piga," akasema. "Lakini piga na nyumba. Namba ya mulango ionekane. Na huyu," hakumtaja Gaston jina, "asimame hapa, karibu yangu."

Gaston alisimama pale. Angesimama wapi tena? Jeneza lilitolewa, mvua ikawa imetuacha kidogo. Papa Radjabu alifunga kamera juu ya rotule mbele ya macho yote, bila kuficha chochote sasa, akaigeuza kwa kiganja mpaka mlango, namba yake, mjane, shemeji na maiti wakaingia, akafunga kitasa, akabonyeza uzi. Nilipoisafisha picha ile, mtu angeweza kuhesabu matofali. Maman Béatrice aliagiza nakala kwa kila ndugu wa mumewe na akazipeleka kwa mkono wake. Kuhusu siku ya nne niliambiwa mara kwamba mpima viwanja hakuja, mara kwamba alikuja akakuta wanawake wameketi tena. Nilihama Naviundu mwaka uliofuata bila kupata hakika, ila mjane alikuwa bado anafagia ua uleule.

Kutoka kilioni hatukurudi nyumbani. "Twende kwa Paluku," alisema Papa Radjabu, "habari isifike mbele yetu." Nilibeba miguu begani, na tope lake likanichafulia shati. Papa Paluku alikuwa boharini, kati ya magunia ya unga, na alisikiliza akiwa amesimama. Papa Radjabu aliongea kwa maneno machache: kwamba dawa ilikuwa nzuri, kwamba picha ya baba yake iliharibiwa na mkono huu. Akauonyesha tena. Ilikuwa mara ya pili siku moja, na safari hii ilimgharimu zaidi, kwa sababu hapakuwa na mjane wa kumwonea huruma.

"Basi uliniacha nitukane mutoto ya bantu," Papa Paluku alisema hatimaye, akanigeukia. "Mutoto, unisamehe." Hakuwa na deni kwangu, lakini ndiye aliyeomba. Yule mwingine hakuwahi kuomba, si siku ile wala miaka yote iliyofuata, na nilipomzika juzi nilikuwa nimeshaacha kungoja. Kisha Papa Paluku akamgeukia Papa Radjabu. "Ndoa ya binti yangu, Papa, siwezi tena kukupa. Ndoa inatembea. Bantu banacheza. Miguu yako haichezi."

"Haichezi," alikubali Papa Radjabu.

Hivyo ndivyo ilivyokwisha, bila kelele, kati ya magunia. Kabla mwaka haujageuka ndoa zote zilikuwa zimehamia kwa kijana wa mjini aliyekimbia huku na huku na kamera isiyotumia filamu. Papa Radjabu alibakiwa na picha za pasipoti, na vilio, na wale wa ngazi ya ndege. Jina alilokuwa nalo halikurudi. Watu walimheshimu. Heshima ile haikuwa ile aliyokuwa akiichunga mfukoni.

Siku ile boharini tulikuwa tunaaga pale Kambo, mama yake Papa Paluku, aliposema kutoka mlango wa uani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. "Nani anaongea habari ya muzee wangu?"

Papa Radjabu alivua kofia yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Ni miye, Maman. Picha yake niliiharibu. Siwezi kuirudisha."

"Najua hauwezi. Yeye haezi kurudi kusimama." Alimwangalia, akaangalia ile miguu iliyojaa tope begani mwangu. "Hii iko kazi gani?"

Akaelezwa. Akafikiri. "Basi unipige miye, ningali nafungua macho. Sitaki muningojee mpaka niingie mu sanduku."

Kiti kililetwa kwenye mlango wa bohari, kwenye mwanga. Alikwenda kuvaa viatu, akarudi, akarudi tena ndani kubadilisha kitambaa cha kichwa, huku mwanawe mwenye malori akingoja na wapakuzi wake wote wakiwa na magunia mabegani, hawajui kama waweke chini au wapite. Nilikanyaga visigino kwenye ardhi ngumu. Papa Radjabu aliinamisha kamera kwa kiganja, akaifunga, akashika uzi. Kambo aliketi, akanyoosha kitenge magotini, akageuza uso kumtafuta mjukuu wake mmoja.

"Maman, tulia kidogo," alisema Papa Radjabu.

"Weye njo utulie."

Wapakuzi waliangalia chini. Papa Paluku aliziba mdomo kwa mkono, na Papa Radjabu akaanza kucheka, polepole, mabega, kisha mkono wote na uzi ndani yake, mpaka nikahofia atadondosha kila kitu. Alibonyeza akiwa bado anacheka. Juu ya ile mbao ya njano kamera haikusogea hata kidogo, na Kambo, kwenye karatasi niliyoichapa jioni ile, anatutazama kwa uso mmoja tu, ameridhika na jibu lake.